Sifa za Tuktuk Yenye Nuru

Wapo wanaolalamika kwamba tuktuk ya binamu yangu inawaumiza macho. Hao ni watu wasio na shukrani. Mtaa wetu wa Mombasa hauna taa hata moja inayowaka. Yeye peke yake, kwa betri ya volti 12, ametuletea buluu, nyekundu na zambarau, zinazopepesa kila akikanyaga breki na, tangu masika, hata asipokanyaga.

Kazi yenyewe ni ya kitaalamu. Utepe wa mita 5 una vitaa 300 vya LED, vimepangwa vitatu vitatu na rezista yao, maana kitaa kimoja cha buluu hutaka volti 3 na kitu, vitatu hukaribia 10, na rezista humeza zilizobaki. Wanaojua watakwambia uweke na fyuzi, tena karibu na betri. Fundi wetu ni mtu wa imani. Alichuna waya wa honi kwa meno, akaupachika wa taa, akazungusha teipu nyeusi, ule wa hasi akaubana kwenye bodi penye kutu, akasema bismillahi. Tangu hapo ukipiga honi taa huzimika, jambo lililomfunza binamu kutopiga honi ovyo.

Utepe mmoja kama huo waweza kula amperi 2, naye anazo tepe mbili. Zikisahaulika zinawaka usiku kucha, asubuhi betri haina hata pumzi. Ndipo majirani hutoka kusukuma. Tuktuk haihitaji watu sita, lakini mtaa wetu una mapenzi, na wawili waliokuwa hawasemezani tangu harusi fulani walijuliana hali wakiwa nyuma yake, mikono kwenye bodi.

Mwaka 2014 Akasaki, Amano na Nakamura, wote wazaliwa wa Japani, walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia kwa kuvumbua kitaa cha buluu. Kitaa hicho ndicho kilichowezesha taa nyeupe zisizokula umeme mwingi. Sidhani waliwahi kuwaza uvungu wa kiti cha abiria wa Likoni, anayepanda mzima na kushuka ana rangi ya maiti. Nauli haiongezwi kwa huduma hiyo.

Asiyeridhika ni ami yangu. Yeye mzaliwa wa Kudha, katika vile visiwa vya Wabajuni vilivyojipanga pwani kusini mwa Kismayu, na alilelewa na watu waliosafiri usiku kwa kutazama nyota. Akipita binamu, ami hufunika uso kwa kanzu mpaka nuru iishe. Nikamkumbusha mtepe, chombo cha Wabajuni wenyewe, kilichoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari na kuchorwa macho omoni.

"Ule nao haukuwa urembo, ami?"

"Macho yale, mwanangu, yalitazama mbele."

Nilimfikishia binamu maneno hayo kwa adabu. Akacheka, akasema wazee hawapendi maendeleo. Taa kubwa ya mbele ya tuktuk yake iliungua tangu mwezi wa Rajabu. Fundi ameahidi kuitazama akishamaliza kufunga utepe wa paa.