Namna ya Kushinda Ubishi wa Blokucheni Mjini Juba

Siku yaja utaulizwa mbele ya watu: kati ya Bitcoin, Ethereum na Solana, mtandao upi ni bora? Usitoke jasho. Anayekuuliza naye hajui.

1. Mchague mshindi kwanza, kipimo utakitafuta baadaye. Mshindi ni ule ulimoweka hela zako.

2. Kama umeweka Solana, sifia kasi. Bitcoin hupitisha kama miamala 7 kwa sekunde. Ethereum, kwa miaka mingi, kama 15. Solana? Wenyewe walitangaza 65,000. Itamke polepole kama anayetangaza matokeo ya kura. Usiseme kwamba hiyo ni kasi ya kwenye karatasi. Usiseme pia kwamba hesabu yake ya kila siku huchanganya miamala ya watu na kura ambazo kompyuta za mtandao hupiga ili ziafikiane. Ni kama makanga naye kahesabiwa abiria, lakini wewe hukuona. Mjuaji akikumbusha kwamba ilizimika kwa saa 17 Septemba 2021, na kwa saa kama 5 Februari 2024, mwambie: "Hata hapa umeme hukatika." Watacheka. Hapo umeshashinda.

3. Kama umeweka Bitcoin, kasi usiiguse. Imba ugatuzi. Hesabu kompyuta zinazotunza daftari la miamala duniani, maelfu kwa maelfu. Vikundi vya wachimbaji usivihesabu, maana viwili tu, Foundry na AntPool, vimekuwa vikishika karibu nusu ya nguvu zote za uchimbaji. Wa Ethereum naye aseme "yeyote anaweza kuwa mthibitishaji", kisha apaliwe kidogo kabla ya kufika kwenye sharti la kuweka rehani sarafu 32 za ether.

4. Ukibanwa, mtaje Vitalik Buterin wa Ethereum: uwezo wa kukua, ugatuzi na usalama, kuvipata vyote vitatu pamoja ni kazi. Tikisa kichwa kwa huzuni. Jibu hili linafaa swali lolote.

5. Sasa mwogope yule aliyekaa kimya. Atauliza: "Hapa Juba, nani anaweza kuuzima mtandao wako?" Swali baya sana hilo. Januari 2025, baada ya video za mauaji ya Wasudan Kusini huko Sudan kuenea, mamlaka ya mawasiliano iliziamuru kampuni za intaneti zifunge Facebook na TikTok. Zilifungwa tarehe 22, zikafunguliwa 27. Mitambo ya Facebook kwao ilikuwa mizima kabisa. Kilichofungwa ni mlango wetu. Daftari lako lenye nakala Ujerumani na Marekani nalo hupitia mlango huohuo wa kampuni za intaneti: Zain, MTN, Digitel. Basi geuza maneno upesi, sifia intaneti ya setilaiti ya Starlink, na usithubutu kutaja kwamba nayo ni ya kampuni moja.

6. Usikubali kamwe kutuma kitu hapohapo ili waone. Simu itazunguka, ada itapanda, na heshima uliyojijengea itaondoka na chaji. Sema nywila umeiacha nyumbani, kwa usalama.

Na ile hela ya mama huko Wau? Itume kwa m-Gurush, huduma ya pesa kwa simu. Ilianza 2019, wenyewe wanajulikana, ugatuzi haina hata chembe. Ila subiri kwanza wenzako waondoke.