Kugongwa Hakuna Fomu

Kugongwa ni jambo rahisi. Hakuhitaji namba ya NIDA, nakala ya leseni wala muhuri wa mtu yeyote. Unakaa zako kwenye foleni, mkono mmoja uko kwenye usukani na wa pili unapokea karanga dirishani, na ajali inakufuata hapo hapo ulipo. Kazi inaanza siku unapotaka kulipwa.

Mimi nilifuatwa karibu na kituo cha Sayansi, Kijitonyama, na daladala iliyokuwa mbele yangu. Narudia, maana huko mbele neno hili litanigharimu: mbele yangu. Konda alimwona abiria akikimbia kwa nyuma huku akipunga mkoba, akagonga bati na kupiga kelele, "Rudi, rudi, rudi!" Dereva hakuwa mtu wa kuacha nauli ipotee, akarudi. Bango la mbele lilisema Kariakoo, magurudumu yakaelekea Mwenge, na njiani nilikuwepo mimi na Toyota IST yangu. Taa ya kulia ikapasuka, bampa likaning'inia, boneti likakunjamana. Toroli la machungwa lililokuwa pembeni nalo likasukumwa, machungwa yakatawanyika hadi mtaroni. Abiria mwenye mkoba alipoona hayo akapanda bodaboda, akaenda zake.

Konda ndiye aliyeshuka wa kwanza. Akatazama, akatikisa kichwa, akatoa hukumu: "Mama, umetuingia."

Umati ukamuunga mkono. Mjini hapa kila mtu anajua sheria moja ya barabarani, nayo ni kwamba wa nyuma ndiye mwenye kosa. Kwamba wa mbele naye anaweza kumfuata wa nyuma ni elimu ambayo haijafika vituoni. Mzee mmoja mwenye kanzu alijiteua mwenyekiti wa usuluhishi, akatushauri tuyamalize hapa hapa, tusiwasumbue polisi. Dereva akasema gari si lake, ni la bosi, na hesabu ya siku haijatimia, ila kwa ubinadamu atanipa elfu ishirini. Nikamshukuru, nikamwambia asihangaike, gari langu lina bima kubwa.

Sikujua kwamba maneno hayo yana nguvu za kitabibu. Konda, ambaye hadi dakika hiyo alikuwa akiruka huku na huko kuita abiria, alishika shingo ghafla. Trafiki alipofika alimkuta ameegemea mlango, anaomba aandikiwe PF3 akatibiwe. Afande akamwangalia kwa muda, akamuuliza shingo imeanza kuuma kabla au baada ya kusikia habari za bima. Shingo ikapata nafuu.

Afande akapima, akaandika, kisha akauliza nani ameona. Umati ule uliokuwa na uhakika kiasi cha kutoa hukumu ukakumbuka kwamba umechelewa kazini. Mwenyekiti wa usuluhishi naye alikuwa ameshavuka barabara. Alibaki muuza machungwa peke yake, naye alibaki kwa sababu ya mali yake. Alieleza vizuri kabisa jinsi daladala ilivyorudi nyuma, akataja na namba yake ya simu, kisha akaniuliza kwa upole, "Mama, na machungwa yangu yana bima?" Nikamwambia hilo ni swali la kuiuliza daladala. Bima ndogo, ya mtu wa tatu, ile ambayo kwa miaka mingi wenye magari madogo binafsi waliilipia Sh118,000 pamoja na VAT, hailipi gari la mwenye bima. Inalipa madhara aliyowafanyia wengine. Katika ajali ile mtu wa tatu alikuwepo kweli, amevaa ndala, anaokota machungwa mtaroni.

Kuanzia hapo nilizifahamu karatasi za polisi kwa namba kama wachezaji wa timu ya taifa: PF 90 ni taarifa ya ajali, PF 93 ni ukaguzi wa gari. Nilipokwisha kuzipata nikazipeleka kampuni ya bima, nikiamini kazi imekwisha. Dada wa madai akanipa pole nzito, ya msibani, halafu akanipa fomu.

Fomu ile iliandikwa na mtu anayeamini kwamba magari hutembea. "Kasi yako wakati wa ajali?" Nikaandika sifuri. Dada akasema sifuri itawapa wakubwa maswali. Nikamwambia hata mimi foleni ile ilinipa maswali. "Ulichukua hatua gani kuepuka ajali?" Nikaandika kwamba nilipiga honi na kumwomba Mungu. Akaniambia niache honi, hiyo nyingine haina ushahidi.

Kisha ukaja mchoro. Nikachora barabara, kituo, gari langu, na daladala yenye mshale unaoelekea nyuma. Baadaye niliitwa ofisini kueleza kwa nini nimeigonga daladala. Mtu mmoja mwema, ghorofa fulani, aliona mshale wangu umekaa kinyume akadhani nimepitiwa, akaugeuza. Kwa mstari mmoja wa kalamu nikawa mimi ndiye niliyemfuata aliyenifuata. Ilibidi PF 90 ifunguliwe tena na muuza machungwa apigiwe simu. Alithibitisha, akakumbushia na machungwa.

Siku hiyo ndipo nilipoelewa biashara hii. Kampuni ya bima haikuwepo Sayansi. Haikusikia "rudi, rudi" wala haikumwona mwenye mkoba. Mbele ya meza yake, mkweli na mzushi huja na sura moja, bampa moja lililovunjika na uchungu uleule. Kwa hiyo hailipi bati lililokunjamana. Inalipa jalada lililonyooka.

Akaja mthamini wa hasara. Ni kijana mpole mwenye kamera na kidole kirefu. Alikigusisha kidole hicho kwenye kila kovu la gari akiuliza, "Hili ni la siku ile?" Taa ya kulia, ndiyo. Boneti, ndiyo. Mlango wa kushoto, hapana, huo ulikwanguliwa na bajaji Tandale. Akaandika. Nilihisi namtambulisha mgeni kwa ukoo mzima.

Nyumbani nako kila mtu alikuwa na orodha yake. Mwanangu alitaka redio iingizwe kwenye dai. Mjomba, aliyeanza kuendesha enzi ambazo nchi nzima ilikuwa na Shirika la Bima la Taifa peke yake, alisema hii ndiyo nafasi ya kupiga rangi gari zima. Nikawaeleza nilichoelezwa: bima inakurudisha ulipokuwa kabla ya ajali, haikupandishi cheo. Gari lililogongwa likiwa na rangi iliyochoka linarudishiwa uchovu wake. Mjomba akasema basi hiyo si bima, ni kioo.

Jirani yetu alinisikiliza akanyamaza, nami najua kwa nini. Gari lake lilikuwa na thamani ya milioni 12, yeye akaliandikisha kwa milioni 6 ili ada ipungue. Alipogongwa, matengenezo yakafika milioni 2, akaenda ofisini akitabasamu. Wakampa milioni 1. Nusu ya thamani aliyoandikisha ilimletea nusu ya hasara, nayo ni hesabu halali iliyomo kwenye mikataba mingi, kwenye ukurasa ambao hakuna anayeufungua gari likiwa zima.

Kwenye gereji nilikwama upya. Fundi wangu anafanyia kazi chini ya mwarobaini, na bati akilinyoosha hata wewe mwenyewe hukumbuki lilikunjwa wapi. Kampuni ikataka profoma yenye nembo, TIN na baadaye risiti ya EFD. Nikampelekea habari hizo. Akaweka nyundo chini taratibu, akasema, "Mama, hayo yote sina. Mimi nina nyundo." Gari likaenda gereji iliyoidhinishwa, yenye sakafu ya vigae na mpokeaji wageni, ambako walinipa kahawa na kulinyoosha boneti karibu vizuri.

Malipo yalipotoka, yalikuwa yamepungua. Kwanza ikakatwa sehemu ya hasara ambayo mkataba unasema naibeba mwenyewe, kisha ukakatwa uchakavu, kwa kuwa taa iliyovunjika ilikuwa ya zamani na iliyowekwa ni mpya. Nikauliza, mbona aliyerudi nyuma si mimi? Nikajibiwa kwamba hilo sasa ni lao. Kampuni ikishakulipa inasimama mahali pako, inamdai aliyekugonga au bima yake. Nilifarijika sana kwa wazo kwamba sasa kampuni mbili za bima zitakaa meza moja kubishana kuhusu mshale.

Siilaumu bima. Bila bima ningekuwa bado nina ile elfu ishirini ya ubinadamu na taa moja. Kabla ya kulipia tena nimejifunza kuuliza mambo manne: gari limeandikishwa kwa thamani gani, nitachangia kiasi gani likigongwa, litatengenezwa gereji ipi, na uchakavu unakatwaje. Namba ya gari naiingiza mwenyewe kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, kuhakikisha kwamba bima niliyouziwa ipo kweli. Nikidhulumiwa, najua kwamba yuko Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na kwamba naye atataka karatasi.

Nawe msomaji, ukiwa nyuma ya daladala, acha nafasi ya kutosha na uweke simu tayari kupiga picha. Wakala wako naye muulize hayo manne kabla hujatoa senti. Akikujibu "usijali", jali.