Mzee wa Maskati

Nyumba yangu ya Tabata ina wenye nyumba wawili. Wa kwanza ni mimi, niliyeijenga kwa mikopo ya mshahara na mchezo wa akina mama wa ofisini, tofali likisubiri zamu yangu ya kupokea. Wa pili ni Mzee. Anaishi Maskati, ana kisukari, hapendi kusumbuliwa, na hajawahi kuzaliwa.

Mzee nilimuumba mwenyewe, na namshauri kila mwenye vyumba vya kupangisha Dar es Salaam awe na wa kwake. Mji huu ukishajua una nyumba, hakuna atakayekuuliza una shilingi ngapi. Watapiga hesabu wenyewe. Vyumba sita, kila kimoja elfu themanini, kodi ya miezi sita inalipwa kwa mkupuo: hiyo ni 2,880,000, na hata mtoto wa darasa la tatu anaipata kabla chai haijapoa. Hatoi bati linalovuja. Hatoi gari la majitaka, wala mpangaji aliyehama usiku na balbu zangu na kitasa cha mlango.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayotumiwa na kamati za harusi. Kadi yangu ya mchango huja na laki mbili imeshaandikwa kwa peni, kana kwamba nimeahidi. Jirani yangu ana gari, ana cheo benki, lakini kapanga, basi kaandikiwa elfu hamsini. Mimi nashuka kwenye daladala nikiwa nimeshika kiatu mkononi, lakini nina nyumba. Ndugu nao wanazijua tarehe za kodi kuliko wapangaji. Januari, mwezi wa ada, simu za salamu huanza kuingia saa kumi na mbili asubuhi, na salamu ya saa kumi na mbili haijawahi kuwa ya bure.

Kwa hiyo siku dalali mgeni alipoleta wateja akanikuta nafagia uwanja na kanga kiunoni, akaniuliza, "Mama, mwenye nyumba yupo?" nilitazama ule ufagio, nikatazama wateja, nikasema hayupo. Yuko wapi? Maskati. Lilinitoka lenyewe, na mpaka leo nalishukuru. Ningesema Morogoro, mtu angepanda basi. Ningesema Ulaya, wangetaka picha. Lakini pwani hii nani hana mjomba, shemeji au jirani wa jirani mwenye watu Omani? Hakuna aliyeshtuka. Mmoja hata aliuliza kama ni Maskati yenyewe au Salala.

Raha ya Mzee ilikuwa kubwa kuliko nilivyotarajia. Mpangaji akitaka kupunguziwa kodi, namhurumia kwa dhati, nasema ngoja nimuulize Mzee, kisha kesho yake nampa pole. Roho mbaya ni ya Mzee, huruma ni yangu. Na kwa kuwa mimi ni msimamizi tu, nilikaribishwa kwenye vikao vya uani ambako mwenye nyumba husemwa. Huko nilisikia kwamba Mzee ni bahili, kwamba choo alichojenga kinawafaa watu wasiokula, na kwamba hela zake hazitamfaa kaburini. Nilichangia kidogo, ili nisishukiwe. Nesi wa chumba cha tatu alinivuta pembeni siku moja akaninong'oneza, "Mama, na wewe uwe unajitoa kidogo humo. Atajuaje yuko huko?" Nilimwahidi nitafikiria.

Matatizo yalianza na simu. Zamani ungeweza kupokea hela kwa laini yenye jina la mpwa wa fundi wako. Tangu usajili wa alama za vidole, ambao mwisho wake ulikuwa Januari 2020, laini inafuata kitambulisho, na mtu akikutumia hela jina lako linamjia kabla hajabonyeza namba ya siri. Majina yote matatu, mpaka la babu. Jina la mtu wa Maskati halikuwemo. Ilibidi nieleze kwamba Mzee ananiamini, hela inapita kwangu, mimi ndiye namtumia. Nesi akaguna. "Na makato ya kumtumia anakurudishia?" Nikasema hapana. Uani wote ukamlaani Mzee, na nakiri ilinigusa kuona watu wanavyonitetea dhidi yangu.

Nikaona bora nitumie lipa namba, maana ile huonyesha jina la biashara. Biashara niliyokuwa nayo ni genge la vitumbua mbele ya nyumba, analokaa binti wa dada yangu, na simu ya genge anayo yeye. Kodi ya kwanza iliingia asubuhi, wakati wa foleni. Binti, mtoto mwaminifu, ana desturi ya kusoma meseji kwa sauti ili mteja ajue hela imefika. Akasoma: laki nne na themanini elfu. Kisha akauliza foleni nzima, kwa adabu, nani kanunua vya laki nne. Siku zile mtaa ulisema mengi. Wapo waliosema nina mzigo wa hoteli, wapo waliosema vitumbua vyangu vina dawa. Kabla mwezi haujaisha kila kona ya barabara yetu ilikuwa na mtu anakaanga vitumbua, na binti alikuwa anarudi ndani na nusu ya beseni.

Umeme nao una mdomo. Mwaka 2021 serikali iliamua kodi ya jengo ikatwe kwenye LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapanda ikawa 1,500. Kwa hiyo mwenye jengo ni mmoja, lakini anayekatwa ni yule aliyeishiwa umeme usiku. Kwangu ni fundi cherehani wa chumba cha mbele, kwa sababu pasi yake haina saburi. Alitunza meseji zote za mwaka, akazijumlisha, akanijia na simu mkononi: "Mwambie Mzee jengo ni lake na kodi ni yake. Elfu kumi na nane." Haki ilikuwa yake, na hela nilikuwa nayo kwenye kanga. Lakini hela ya Maskati haiwezi kutoka kwenye kanga papo hapo. Nilisubiri mpaka keshokutwa, nikampa, nikamwambia Mzee amenung'unika sana.

Halafu akaja Mzee wa pili. Mnawajua wale wa "ile hela itume kwenye namba hii"? Wana toleo la wapangaji pia: mimi mwenye nyumba wako, namba yangu ina tatizo, kodi itume huku. Meseji hiyo iliingia kwenye simu za wapangaji wangu wawili kwa siku moja, na wakaja mbio wakifurahi kwamba hatimaye Mzee kaongea nao mwenyewe. Kijana wa bodaboda alikuwa ameshaandika kiasi, amebakiza kubonyeza. Nilimpokonya simu. Akaniuliza nina uhakika gani kwamba si yeye. Sasa hapo ungejibu nini? Nilisema Mzee haandiki kwa vifupisho. Tukaituma meseji kwenye namba 15040 inayopokea taarifa za utapeli, na tangu hapo wapangaji wanaamini Mzee ni mtu msomi. Mimi mwenyewe niliipata meseji ile ile jioni. Kuambiwa na tapeli kwamba nina mwenye nyumba kulinipa faraja fulani, kama mtu aliyethibitishiwa uongo wake na shahidi wa nje.

Waliokuja kunishinda ni wasomi. Chumba cha nyuma alihamia mwanafunzi wa sheria. Kama kawaida nikamdai nakala ya kitambulisho cha NIDA, namba ya mwajiri wa mdhamini, na simu ya mzazi. Akaleta, kisha akauliza zinatunzwa wapi. Swali hilo nilikuwa sijawahi kuulizwa tangu nianze kupangisha. Jibu la kweli lilikuwa chini ya godoro, pamoja na nakala za wapangaji wote waliopita, wakiwemo waliohama na balbu. Nikasema zinatumwa kwa Mzee. Kijana akakaa vizuri kwenye stuli. Akanieleza kwamba tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, ina tume yake kabisa, na ina sehemu nzima inayohusu kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi. Je, Mzee amezingatia masharti hayo huko Maskati?

Nilimwambia za kwake sitazituma.

Usiku ule niliinua godoro. Nilikuwa nimelalia nyuso za watu, tarehe zao za kuzaliwa, sahihi zao, namba za baba zao wa Singida na Kigoma. Mimi niliyemwumba mtu mzima ili shangazi zangu wasijue kodi yangu, nilikuwa na siri za ukoo wa kila aliyewahi kuning'iniza chandarua kwenye nyumba hii. Za waliohama nilizichoma uani, alfajiri, na majirani wakajua nafanya mambo ya kishirikina. Zilizobaki nikazitia kwenye sanduku la bati lenye kufuli.

Pigo la pili lilitoka fremu ya barabarani, iliyopangwa na asasi ndogo yenye mhasibu makini. Fremu ni laki tatu kwa mwezi, kwa mwaka 3,600,000. Mhasibu akaja na fomu. Wao wakilipa kodi ya pango lazima wakate kodi ya zuio, waipeleke TRA, wampe mwenye nyumba cheti. Anahitaji jina na TIN. Nikamwambia mwenye nyumba yuko Maskati. Akasema hakuna shida, akafuta tarakimu kwenye fomu akaandika nyingine.

"Umefanya nini hapo?"

"Mkaazi wa nchini tunamkata asilimia 10, mama. Asiye mkaazi ni 15."

Nilifunga macho nikapiga hesabu. Laki tatu na sitini dhidi ya laki tano na arobaini. Laki moja na themanini, kila mwaka, kwa heshima ya kuishi Maskati. Nilimpenda Mzee, na alinitumikia vizuri, lakini hakuna mzee wa laki moja na themanini. "Baba," nikamwambia mhasibu, "Mzee alirudi." Alirudi lini? "Wiki iliyopita." TIN yake? Nikaitaja yangu. Jina? Nikataja langu. Mhasibu akainua kichwa, akaniangalia mimi na kanga yangu na ufagio wangu, na kwa bahati mbaya ana sauti ya mnadani. "Kumbe mwenye nyumba ni wewe!"

Cherehani ya chumba cha mbele ikanyamaza.

Nilitegemea tufani. Haikuja. Siku chache baadaye kijana wa bodaboda alinunua vitumbua, akarudi mlangoni kwangu na karatasi aliyofungiwa. Mnajua vitumbua vinavyofungwa Dar es Salaam: mitihani ya mtu, barua za kuomba kazi, chochote kilichochapwa upande mmoja. Binti aliishiwa karatasi, akachukua iliyokuwa mezani, nayo ilikuwa taarifa yangu ya benki. Mshahara wangu, makato ya mkopo, kodi za vyumba zinavyoingia, na salio la mwisho ambalo mafuta yalikuwa yameling'arisha likasomeka kuliko vyote. Kijana alikuwa ameikunja vizuri. Alinikabidhi kwa mikono miwili, macho yake yakiwa kwenye bawaba ya mlango. "Mama, karatasi ya Mzee hii. Ilisahaulika gengeni." Akaongeza, baada ya kufikiri, "Mzee naye hali yake ngumu, kumbe."

Hapo nikaelewa kwamba wanajua wote, na pengine walijua kabla ya mhasibu. Na hakuna anayetaka Mzee afe. Anawafaa. Ukinijia mimi moja kwa moja kuniambia choo changu ni aibu, itabidi tununiane na koki ya maji ni moja. Ukimtukana Mzee mbele yangu, tunatukana pamoja, na choo nimeshaanza kukirekebisha. Hata yule mwanafunzi, anayejua sheria zote, hunisalimia siku hizi na kuongeza, "Na Mzee hajambo?" Namwambia sukari imeshuka.

Juzi nesi alinigongea na noti zimekunjwa. "Mama, mwambie Mzee hii ni nusu. Nusu nyingine mwisho wa mwezi, posho za zamu za usiku hazijatoka."

Nikaingia ndani, nikanywa maji, nikatoka. "Mzee amekataa."

Hakutikisika. "Ameamka vibaya tu. Rudi umbembeleze, wewe anakusikiliza."

Akaegemea nguzo ya kibaraza kungojea jibu, nami nikarudi ndani kumbembeleza.