Choo Kimevunjwa, Fundi Yuko Juu ya Mkarafuu

MUULIZE MWASHI MSTAAFU

Barua za mwezi huu zote ni za majiko na vyoo. Ama karafuu zimelipa, ama watoto walioko Muscat wamekumbuka nyumbani. Nimezipanga kwa dharura: asiye na pa kwenda usiku kawekwa mbele.

*

Assalaam alaykum, Mzee Mwashi. Fundi kavunja choo cha uani ili atujengee cha ndani, cha kukaa. Nikampa nusu ya pesa. Akasema anafuata saruji. Jirani kamwona juu ya mkarafuu huko Mtambile. Tuko watu tisa, tunabisha hodi kwa majirani kwa zamu. Nimshtaki kwa sheha?
— Mwenye Foleni, Kengeja

Waalaykumu salaam. Kumshtaki utamshtaki, ila sheha naye huenda yuko shambani. Karafuu huchumwa kabla ua halijafunguka. Likichanua, pesa imepeperuka. Mchumaji hulipwa kwa pishi, na juu ya mti hakuna mwenye nyumba wa kumwambia kigae kimepinda. Anayevunja choo msimu wa karafuu, hapa Pemba, kajitakia.

Wahenga wamesema usiache mbachao kwa msala upitao. Choo cha zamani hubomolewa kipya kikishatumika. Zege hutaka kumwagiwa maji wiki nzima, na nguvu yake huhesabiwa kwa siku 28. Hiyo ni foleni ndefu kwa watu tisa. Pesa nayo igawe mafungu: karo na msingi, kuta, mabomba, vigae. Fungu la mwisho lisitoke mpaka umwage ndoo ya maji sakafuni, uyaone yakilifuata tundu bila kusukumwa na ufagio.

Kwa usiku wa leo, zungushia makuti shimo la zamani. Makuti hayana msimu.

*

Shikamoo, Mzee. Choo chetu kipya kina shawa, kioo na sabuni ya maji. Mama mkwe aliingia, akatoka vile vile alivyoingia, akasema ameelekezwa Kibla. Fundi anasema hakuambiwa.
— Mkamwana, Chake Chake

Marahaba, mwanangu. Huyo fundi huswali wapi? Pemba na Makka ziko karibu kwenye mstari mmoja wa longitudo, pungufu kidogo ya nyuzi 40 mashariki. Kwa hiyo Kibla yetu ni kaskazini, karibu kaskazini kamili. Bakuli la choo likitazama jua linakochomoza au linakozama, huipi Kibla uso wala mgongo. Hesabu hiyo haitaki hata dira.

Najua masheikh wana kauli zao juu ya choo kilicho ndani ya kuta, na wapo wanaolegeza. Lakini mama mkwe hakuja kujadili fikihi, alikuja kujisaidia. Ligeuze. Utalipia kuvunja zege, kuhamisha bomba na kubandika vigae vipya, na hapo ndipo utakapojua kwa nini tunawaambia mnunue boksi la ziada: mzigo unaofuata bandarini huja na rangi nyingine.

*

Mzee, nyumba yangu iko mteremkoni, nje kidogo ya Wete. Pahala tambarare ni pamoja tu, juu ya nyumba, na fundi anataka kuchimba karo hapo kwa kuwa udongo ni laini. Jirani wa chini kaninunia tangu aone kamba zimevutwa. Ana husuda?
— Mwenye Kilima

Hana husuda, ana kisima. Wageni wakisikia kisiwa hudhani ni ufukwe mtupu. Wewe unajua magharibi ya Pemba ni vilima na mabonde, na mvua ya masika hushuka na kila ilichokikuta njiani. Ukichimba hapo juu, wewe utajisaidia na yeye atakunywa.

Kanuni inayofuatwa na wengi ni hii: mita 30 kati ya shimo na kisima, shimo liwe upande wa chini, na kitako chake kisiyakaribie maji ya ardhini kwa chini ya mita 1.5. Pima wakati wa masika, maji yakiwa yamepanda, kiangazi kitakudanganya. Udongo laini humfurahisha mchimbaji peke yake, kwani shimo lisilojengewa hubomoka. Pale Wawi, tangu mwaka 2000, ipo maabara ya afya ya Ivo de Carneri, na minyoo na kipindupindu vimeipa kazi ya kutosha. Usiiongezee.

Ikiwa ardhi yako ya chini haitoshi, kamwombe jirani mchimbe karo moja la wawili, chini ya kisima chake. Tangulia na kilo mbili za sukari.

*

Ndugu yangu, mwanangu katuma pesa kutoka Muscat pamoja na picha: makabati meupe, meza ya mawe katikati. Jiko limejengwa kama lilivyo. Mke wangu bado anapika uani kwa kuni, na humo ndani tumeweka magunia ya karafuu. Nimwambie nini mtoto?
— Baba wa Picha, Konde

Mwambie aliyechora hakumuuliza anayepika. Meza inafika kiunoni, ilhali mbuzi ya nazi hukaliwa chini. Sufuria la wali wa khitma halienei kwenye jiko la gesi.

Pesa iliyobaki ipeleke uani: paa, sakafu ya saruji yenye mwinamo, dohani ya kutoa moshi machoni mwa mkeo, bomba la maji na kibaraza kifupi cha kukunia nazi. Ndani pabaki pa chai. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutanda sakafuni. Mtungi ukae nje, na ukutani pawe na tundu la hewa chini kabisa. Makabati ya mbao za unga yatafura kwa unyevu wetu, hivyo jenga miguu yake kwa zege. Karafuu zitoe: ZSTC, shirika la biashara la serikali, hununua kavu, na mvuke wa birika utazirudishia maji uliyoyatoa kwa jua.

Kisha mtumie mtoto picha ya uani. Mara nyingine achore mama yake, yeye alipe.

*

Mwezi ujao ni zamu ya paa zinazovuja. Ukiandika, taja kama uko kilimani au bondeni, majibu hayafanani.