Barua ya Wazi kutoka Makina: Simu Yangu Imejaa Wapangaji Nisiowajua

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya,
Waiyaki Way, Nairobi.

Mheshimiwa,

MINT: WAPANGAJI WASIOLIPA KODI NDANI YA SIMU YANGU

Mimi ni mwenye nyumba hapa Makina, Kibra. Vyumba vyangu ni sita, vya mabati, nilivyoachiwa na marehemu baba. Katika miaka yangu ya kukusanya kodi nimeona kila aina ya mpangaji: anayelipa, anayeahidi, na anayehama usiku akibeba hata balbu. Lakini sikuwa nimewahi kununua nyumba nikakuta wapangaji 41 wameshaingia kabla yangu, hawalipi, hawatoki, na kila mmoja ana ufunguo wa chumba ninacholala. Hilo limenifika mwezi uliopita, siku niliyonunua simu mpya.

Nianze kwa kuwapongeza, maana adabu haigharimu bando. Najua simu haiuzwi nchini kihalali mpaka ofisi yako iipe idhini. Mnapima mawimbi yake, mnahakikisha haitaharibu mitambo ya wengine, mnataka nambari yake ya IMEI iwe ya kweli. Na hamtanii: mwishoni mwa Septemba 2012, mkiitwa bado Tume ya Mawasiliano, mlizima simu bandia karibu milioni mbili. Nawakumbuka majirani waliobaki na vipande vya plastiki mfukoni. Basi uwezo mnao. Mlinzi wenu anasimama langoni, anakagua lori, anagonga mabati yake, anasoma nambari ya usajili. Abiria waliojaa ndani hawaulizwi hata kitambulisho.

Ngoja nikutajie baadhi yao. Nina vivinjari viwili, maduka mawili ya programu, na sehemu tatu za kutazamia picha zile zile. Nina programu ya kulainisha uso, nami nina miaka 58. Nina ukanda unaochomoza ubavuni mwa skrini nikiigusa kwa bahati mbaya, kama jirani anayechungulia kila ukipakua chakula. Nina mchezo wa kupanga peremende. Kuna pia msafishaji: kila asubuhi ananiambia simu imejaa takataka, nibonyeze nisafishiwe, nikibonyeza ananionyesha tangazo, kisha ananishauri nipakue msafishaji mwingine. Mtu wa namna hiyo hapa mtaani tungemshuku kwamba ndiye anayemwaga taka usiku ili alipwe alfajiri.

Juzi nilitaka kujua swala ya Magharibi inaingia saa ngapi. Nilipowasha skrini, kabla hata sijaifungua, nikakaribishwa kubeti. Mama yangu alikuwa ameketi kando yangu, tasbihi mkononi. Alitazama simu, akanitazama mimi, hakusema kitu. Mheshimiwa, hujui uzito wa kunyamaza kwa mama wa Kinubi.

Nikaenda kwa fundi, kibandani kwake karibu na soko. Akabonyeza hapa, akabonyeza pale, akatikisa kichwa. “Mzee, hii haitoki. Ni ya kiwanda. Unaweza kuilaza, huwezi kuifukuza.” Kijana mwenye moyo, akanieleza habari za LineageOS, mfumo wa bure wa watu wanaopenda simu nyepesi, uliorithi nafasi ya mfumo wa CyanogenMod mwisho wa mwaka 2016. Tukaitafuta simu yangu kwenye orodha ya simu zinazoupokea. Haimo. Dawa ipo, ila imeandikiwa wagonjwa wa mtaa mwingine.

Simu ni ya kampuni gani sitasema. Wakili ni ghali kuliko simu. Wala haina haja, kwa kuwa desturi imeenea. Google hutoa Android, kisha mtengenezaji huivika vazi lake: Samsung ana One UI, Xiaomi ana HyperOS, Tecno ana HiOS, Infinix ana XOS. Vazi lenyewe si dhambi. Nakiri kwamba kule kupiga picha ya skrini kwa kuteremsha vidole vitatu nimekupenda, na wajukuu nimewafundisha. Ninachouliza ni kwa nini nikinunua kanzu nipewe pia kofia tano, miavuli mitatu na mtu wa kunifuata akipiga tarumbeta, halafu niambiwe vyote vimeshonewa mwilini.

Sisi Wanubi wa Makina, Mheshimiwa, tunaijua sana habari ya kukaa mahali bila kuwa na kauli. Babu zetu walikuwa askari wa King's African Rifles. Mwaka 1918 Waingereza walitenga zaidi ya ekari 4,000 za Kibra kuwa hifadhi ya jeshi, wakawaacha wazee waishi humo bila kuwapa karatasi. Hati ya jumuiya ilikuja mwaka 2017. Ekari 288. Kwa hiyo nilipofungua kisanduku kilichoandikwa GB 32 nikakuta nimebakiziwa 17, sikushtuka kama ambavyo angeshtuka tajiri wa Karen. Hesabu ile niliitambua.

Mama yeye ana mulika mwizi. Unalijua jina hilo, la simu ndogo yenye tochi kichwani. Mojawapo iliyotamba zaidi, Nokia 1100, ilitoka mwaka 2003, ikiwa na kurunzi, na vibonye vilivyofunikwa ili vumbi lisipenye; ziliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Aliyeibuni alijiuliza mtu wa mahali penye giza na vumbi anahitaji nini, akampa hicho, akanyamaza. M-Pesa ilipoanza Machi 2007 ilikuta simu za namna hiyo mikononi mwa watu, ikajibana ndani ya orodha fupi ya maneno. Hadi leo mama anabonyeza *334#, anatuma pesa, anazima, anaendelea kusonga ugali. Hajaombwa hata siku moja kuibadilisha M-Pesa rangi ya mandhari.

Wenzako wanaosimamia mambo ya Ulaya wameshalishika hili. Sheria yao ya Masoko ya Kidijitali, iliyoanza kuyabana makampuni makubwa Machi 2024, inataka mtumiaji aweze kuondoa kwa urahisi programu alizoletewa na simu. Kabla ya hapo, Januari 2020, Privacy International na mashirika mengine zaidi ya 50 walimwandikia Sundar Pichai wa Google barua ya wazi juu ya jambo hili hili. Kwa hiyo mimi si mzushi. Nimechelewa tu, kama kawaida ya barua zinazotoka Kibra.

Na asije mtu kukwambia kwamba kumtoa mpangaji simuni ni kazi ngumu ya kihandisi. Mwaka 2020 Safaricom na Google walileta Lipa Mdogo Mdogo, simu ya mkopo ya shilingi 20 kwa siku. Usipolipa, simu inajifunga yenyewe. Kumbe programu ya kufukuza mpangaji imeshaandikwa, tena inafanya kazi barabara! Imeelekezwa kwangu tu.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata habari zinazomwezesha kufaidi bidhaa aliyonunua. Pakiti ya unga dukani hapa imeandikwa kilo mbili. Muuzaji akikupa kilo moja na ushee, halafu ajaze nafasi iliyobaki kwa picha zake mwenyewe, mizani yake itakamatwa kabla ya adhuhuri. Basi, Mheshimiwa, kabla hujaipa simu nyingine idhini, mwambie mwenye kiwanda aandike juu ya kisanduku nafasi iliyobaki, siyo ile aliyoanza nayo. Na kila programu isiyo ya lazima iwe na kitufe cha kuiondoa, kitufe kinachoondoa kweli.

Jibu lako naomba lije kwa ujumbe mfupi wa kawaida, wa herufi 160, kwenye simu ya mama. Yangu imeniambia leo asubuhi kwamba haina nafasi.

Wako mtiifu,
Mwenye nyumba, Makina.