Redio ya Dharura Iwe na Sura Mbaya

Redio ya dharura haitakiwi kupendeza. Ukiingia dukani ukaiona redio na roho ikakuruka, iache hapo hapo. Hiyo si yako, ni ya shemeji yako, ila yeye hajaiona bado. Yako ni ile ya pembeni, ya kijivu, yenye vumbi mgongoni, ambayo hata muuzaji anashangaa umeiulizia.

Watu wakitafuta redio ndogo ya kuweka ndani kwa ajili ya siku ya kimbunga, mafuriko au giza, huuliza maswali ya kitaalamu. Inashika masafa mangapi? Chaji inakaa? Ikidondoka je? Swali la maana hawaulizi: humo ndani unaishi na nani? Maana kimbunga hakijawahi kuua redio ya mtu yeyote ninayemjua. Kimbunga kikifika huikuta ilishakufa zamani, mikononi mwa ndugu.

Masika ya 2024 yalipozidi, na Rufiji kule imeshafurika, mama watoto akaamua nyumba iwe na redio. Hela akampa mdogo wake. Mimi nikapewa kazi ya kumsindikiza Kariakoo. Huyu shemeji yangu anajua kila kitu kinachotumia umeme, na hajawahi kukifungua kimoja kikafungika tena. Nilimweleza njiani, ndani ya daladala, tena taratibu: betri za kawaida, FM na masafa ya kati, basi. Akaitikia, "Sawa shem," kama anavyoitikia mtu aliyekwisha amua lake.

Kariakoo akasimama kwenye meza ya kijana mmoja, mbele ya redio nyekundu.

"Huu ni mtambo, bro," kijana akasema. "Redio, tochi, taa ya kusomea, sola mgongoni, mkono wa kuzungusha ubavuni, flashi, memori, inachaji simu. Halafu king'ora."

"King'ora cha nini?" nikauliza.

"Ukifukiwa na kifusi, mzee wangu."

Akakibonyeza. Ng'ambo ya barabara, mama mmoja aliyekuwa amepanga mabakuli ya plastiki chini alikusanya pembe nne za turubai lake kwa mkupuo mmoja, mabakuli yote ndani, akalitupia begani akatimua mbio. Nyuma yake wa soksi. Nyuma ya wa soksi, wa miwani, na miwani mingine bado iko usoni kwa mteja ambaye naye alikimbia bila kujua anakimbia nini. Walidhani mgambo wa jiji wamefika. Nilipogeuka, shemeji alikuwa anahesabu hela.

"Umeona shem? Inafanya kazi."

Ilipofika nyumbani iligawanywa kama nyama ya sadaka. Tochi wakachukua watoto. Chaji ya simu akachukua dada wa kazi. Flashi na spika vikawa vya shemeji, kwa ajili ya singeli na dabi ya Kariakoo. Taa ya kusomea akaiwahi mama watoto, ambaye husomea maharage, kuyachambua. Ilibaki redio yenyewe, na hiyo haikupata mwenyewe.

Wakati huo mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Lindi kwa ajili ya kliniki ya magoti. Lindi ilipigwa na kimbunga kikubwa Aprili 1952. Mama mkwe alikuwa hajazaliwa, lakini hukisimulia mpaka rangi ya mabati yaliyoruka. Mtu wa namna hiyo hadharau maandalizi. Kwa hiyo usiku mmoja umeme ulipokatika naye anataka kwenda msalani, alifanya kama tulivyoelekezwa sote: akaichukua redio ya dharura awashe tochi.

Niseme kidogo juu ya vitufe vile. Kitufe cha tochi na cha king'ora vimekaa bega kwa bega juu ya redio, vyote vya mpira, vyote vyekundu, vyote vidogo vya kupotelea chini ya dole gumba. Alama iliyokuwa juu yake ilikuwa ya wino, na wino ulifutwa na mikono ya watoto ndani ya wiki ya kwanza. Aliyechora mtambo ule hakuwahi kutafuta choo gizani.

King'ora kikalia. Ukikibonyeza mara ya pili kinatakiwa kinyamaze, lakini kitufe kilikuwa kimezama ndani, hakirudi. Mtaa ukaamka. Walikuja wenye mapanga, wenye marungu, na mzee mmoja ana mwamvuli. Mama mkwe, mtu wa vitendo, alifunua ndoo ya unga wa sembe akaizika redio humo mpaka kiwiko. King'ora kikaendelea kule chini, sasa kwa kwikwi.

"Mwizi yuko wapi?" mjumbe wa shina akauliza.

Watoto wakanyoosha vidole kwenye ndoo.

Tuliitoa, tukaipangusa, ikapona. Ila tangu siku hiyo watangazaji wote wa nchi hii, kwetu, walikuwa na mafua.

Tukafika mwanzo wa Mei. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikaanza kutoa taarifa za kimbunga Hidaya kilichokuwa kinasogea kwenye pwani yetu. Boti za Zanzibar zikasitisha safari. Simu zikajaa sauti za watu wasiojulikana, kila mmoja ameambiwa na mtu wa ndani, kila mmoja na saa yake ya kimbunga kufika. Usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 4, gridi ya taifa ikapata hitilafu, nchi ikaingia gizani, na nje upepo unavuma. Kama kuna usiku ambao redio ile iliundwa kwa ajili yake, ni ule.

Chaji haikuwepo. Shemeji alilala nayo ikipiga singeli. Sola nayo inataka jua, na vimbunga huja na mawingu. Sijui nani aliwaza kuwaunganisha hao wawili. Ikabaki kuzungusha.

Redio ya kuzungusha ina historia ya heshima, tusiitukane. Mwingereza Trevor Baylis aliibuni mwanzoni mwa miaka ya 1990, baada ya kutazama kipindi cha televisheni kuhusu UKIMWI Afrika na ugumu wa kuwafikishia elimu watu wasio na umeme wala hela ya betri. Zikaja kutengenezwa Cape Town. Zile za kwanza zilikuwa na springi nene ya chuma tumboni. Ulikuwa unaijaza nguvu, nayo inajikunjua polepole ikiendesha redio, na ndiyo maana zilikuwa nzito. Hizi nyepesi za mezani Kariakoo hazina springi. Zina dainamo ndogo, meno ya plastiki, na betri ya ndani ambayo ikishaachwa tupu mara kadhaa haitunzi tena kitu. Unazungusha, kinachoingia kinatoka hapo hapo.

Shemeji alizungusha. Tukapata tangazo la sabuni, zima. Akazungusha tena, tukapata mlio wa kituo na jina la mfadhili wa taarifa ya habari. Akapumzika, akafuta jasho, akazungusha mara ya tatu. Sasa mtangazaji, na mafua yake, akaanza kutaja mikoa inayotakiwa kuchukua tahadhari: Mtwara, Lindi, Pwani...

Kimya.

"Sasa Dar es Salaam imo au haimo?" mama mkwe akauliza gizani.

Shemeji akaikamata kwa hasira, na mkono wa kuzungusha ukang'oka, ukabaki kiganjani mwake. Hakuna aliyecheka, kwa sababu ya mama. Mikoa iliyobaki tuliletewa na muuza maziwa asubuhi. Hidaya kilifika Mafia siku hiyo kikapungua nguvu, na sisi tulizijua habari zake kwa kuchelewa, kama watu wa karne nyingine.

Wiki moja baadaye, tarehe 12 Mei, nyaya mbili za intaneti zilizo chini ya bahari, EASSy na Seacom, zikakatika, na intaneti ikayumba Afrika Mashariki nzima. Wale jamaa wa "redio ya nini siku hizi na simu unayo" walipunguza sauti. Na ni kweli simu nyingine zina FM ndani yake, lakini haiongei mpaka uchomeke waya wa hedifoni, kwa kuwa waya huo ndio antena. Waya wa nyumba yetu ulishatafunwa na panya. Jirani yangu yeye alisema atategemea redio ya gari. Gari lake limetoka Japani, na redio za kule huanzia 76 na nyingi huishia 90. Zetu zinaanzia karibu na 88 kwenda 108. Kwa hiyo siku ya maafa jirani atasikiliza vituo viwili vitatu vya mwanzoni mwa mstari, na gari likikataa kuwaka asubuhi atakuwa anajua sababu.

Aliyenisaidia ni shangazi yangu wa Unguja. Kisiwa kile kilikaa bila umeme miezi mitatu, kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, na yeye alikuwepo, anachota maji kisimani maana pampu hazina kazi. Nilipomweleza habari za mtambo mwekundu hakucheka.

"Kitu cha dharura hakitaki chaji, mwanangu," akasema. "Nunua redio inayokula betri ya dukani. Ile betri ambayo hata duka la uchochoroni, lenye kiberiti na chumvi tu, utaikuta."

Nilirudi Kariakoo peke yangu. Muuzaji alinionyesha nyekundu, nikatikisa kichwa. Akanionyesha ya bluu yenye taa za kuchezacheza, nikatikisa kichwa. Mwishowe akainama chini ya meza akatoa kitu cha kijivu: betri mbili ndogo, kirungu cha kutafutia stesheni, sindano inayotembea juu ya namba, antena ya kuvuta, FM, masafa ya kati na masafa mafupi. Haina tochi, haina flashi, haina cha kuchaji. Spika yake ikiimba singeli unasikia huruma. Nikalipa kabla hajabadili mawazo.

Na hapa ndipo nimejifunza kuyaheshimu masafa ya kati, ambayo vijana hawayajui kabisa. Mawimbi ya FM husafiri karibu kwa mstari ulionyooka. Kilima kikisimama katikati, au ukienda mbali na mnara, habari imekwisha. Ya masafa ya kati hufuata ardhi, na usiku hurudishwa chini na tabaka la juu la anga, yakashuka mbali sana na yalikotoka. Siku za kawaida mjini utayasikia yananguruma tu, na wengi hudhani redio ni mbovu. Mbovu ni mazingira: chaja za bei rahisi, taa za LED, kila kilichochomekwa ukutani kinaropoka kwenye masafa hayo. Sasa subiri umeme ukatike mtaa mzima. Mngurumo unaondoka na stesheni zinatokea safi, moja baada ya nyingine. Hiki ndicho chombo pekee nyumbani kwangu kinachofanya kazi vizuri zaidi umeme ukikatika.

Kwa muda mambo yalikwenda nilivyotaka. Watoto waliiita redio ya marehemu. Shemeji aliigeuza akatafuta tundu la flashi, akaigeuza tena, akaiweka chini kwa adabu kama mtu anayetoka msibani. Niliihifadhi juu ya kabati ndani ya ndoo yenye mfuniko, betri pembeni kwenye mfuko wake, kwa kuwa betri zikisahauliwa ndani huvuja na kula vyuma vya kushikia. Babu yangu aliitunza ya kwake hivyo hivyo, ndani ya sanduku, inatoka saa ya taarifa ya habari na kurudi. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya ilipokusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, kikundi cha kwao kilikaa kuizunguka ile yake, na hakuna aliyethubutu kugusa kirungu.

Nilichosahau kukiweka kwenye hesabu ni kwamba sura mbaya huwafukuza vijana tu. Usiku mmoja wa giza mama mkwe aliishusha ndoo, akatia betri, akazungusha kirungu taratibu kwenye masafa ya kati. Asubuhi nilimkuta ana furaha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Kuna mtu anasoma Kurani humu, anasoma vizuri! Sijui yuko nchi gani."

Sasa redio iko kwenye stuli kando ya kitanda chake, juu ya kitambaa cha kufuma. Kliniki ya magoti imeongezewa tarehe. Betri zikichoka huzianika juani ukutani pembeni ya ungo wa mchele, na zinaamka kidogo kweli, maana joto huvihimiza vilivyobaki ndani yake. Zikigoma kabisa natumwa mimi dukani. Mama watoto amenishauri niombe irudishwe kabatini. Nimemwambia ni mama yake, aombe yeye. Hajaomba.

Mkwe hamnyang'anyi mama mkwe redio, na masika mengine hayako mbali. Kwa hiyo msomaji, kama una safari ya Kariakoo siku hizi, tafadhali pita chini ya zile meza uniulizie bei ya nyingine kama ile, pamoja na betri pea mbili. Wakikupa yenye tochi, waachie.