Kulungu Hangoji Chini

Huko Marekani kuna wawindaji wa kulungu wanaoning'inia mtini ndani ya kiti cha mikanda, roho zao zikishikwa na kipande kifupi cha kamba mbele ya kitovu. Fundo halitakiwi: kamba hiyo, ya nyuzi za Dyneema, ni telezi, na fundo huipunguzia nguvu. Basi mwindaji huichomeka ncha ndani ya kamba yenyewe, urefu wa mara 72 ya unene wake, kwa subira ya msusi wa ukili. Yote hayo, mzigo upungue gramu kadhaa. Kitambi chake? Hicho hupanda bila kupimwa. Tatizo ni kulungu: hakufundishwa kwamba aliye juu mngoje chini.